Akili mnemba kwa muuza vitenge

Dada, nimekuelewa: unauza vitenge Kariakoo, unataka akili mnemba (AI, programu kama ChatGPT) ikuandikie matangazo ya Instagram na kujibu wateja. Matangazo sawa. Mimi nauza viatu; huwa naipa bei, saizi na mtaa nilipo, kisha nafuta mbwembwe zote inazoandika. Wateja wananusa upesi maneno yanayosikika kama tafsiri ya Kiingereza!

Picha piga mwenyewe, usiiachie akili mnemba ikuchoree. Kitenge kikifika na rangi tofauti na ya mtandaoni, utarudisha hela.

Kujibu bei usiiachie. Roboti niliyoweka WhatsApp ilimwahidi mteja punguzo nisilolijua, nikalilipa mimi. Majibu ya haraka ya WhatsApp Business, yale unayoyaandika mwenyewe mapema, yanatosha.

Majina na namba za wateja usizibandike kwenye akili mnemba: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukianza kukusanya orodha kubwa, muone mwanasheria.