Spini na pariti ya kiini: kwa mnaoanza nyuklia

Wadogo zangu mnaoingia fizikia ya nyuklia, hii modeli ya shelli (protoni na nyutroni zinajaza ngazi za nishati ndani ya kiini), tunayotumia kutabiri spini ya kiini (kiasi cha mzunguko wake) na pariti (chanya au hasi: alama ya wimbi lake inabaki au inageuka ukigeuza pande zote), ilinitesa karibu semista nzima, na tatizo lenyewe nilikuwa nadhani shelli za kiini ni zilezile za elektroni tulizosoma sekondari. Sio kabisa. Protoni zina ngazi zao na nyutroni zina zao, alafu spini ya kila chembe inafungamana na mzunguko wake kwa nguvu sana, mpaka ngazi ya f inapasuka vipande viwili na kimoja, f7/2, kinashuka kinakaa peke yake, ndo namba 28 ya shelli iliyojaa inapotokea. Hilo Maria Goeppert Mayer alilitoa 1949 akiwa Marekani, Hans Jensen na wenzake Ujerumani nao wakafika palepale kivyao, na 1963 wote wawili wakapata Nobeli.

Ngazi ziandike kwa mkono kila siku mpaka zikae: s1/2, p3/2, p1/2, d5/2, s1/2, d3/2, f7/2. Herufi inasimamia l, mzunguko wa chembe kwenye njia yake (s=0, p=1, d=2, f=3), na sehemu inayofuata ni j, jumla ya mzunguko huo na spini ya chembe. Kila moja inabeba chembe 2j+1. Ukijaza, jumla lazima igonge 2, 8, 20, 28 pale shelli zinapojaa, usipogonga rudi, usiendelee na swali.

Protoni shufwa na nyutroni shufwa, jibu ni 0+ (spini 0, pariti chanya), maliza hapo. Upande mmoja ukiwa witiri, angalia ile chembe moja iliyobaki tu. Oksijeni-17 ina nyutroni 9, ya tisa iko d5/2, basi 5/2+. Kalsiamu-41 nyutroni ya 21 iko f7/2, inakuwa 7/2-. Hii kwenye testi niliandika chanya maana nilikuwa naangalia j, kumbe pariti inatoka kwenye l: s na d chanya, p na f hasi. Marks zikaenda.

Sasa florini-19. Modeli inasema 5/2+, kipimo kinasema 1/2+, na mi nilirudia hesabu usiku mzima nikijua nimekosea. Hujakosea! Nje ya oksijeni-16 kuna protoni 1 na nyutroni 2 zinavutana zenyewe kwa zenyewe, na modeli hii rahisi inahesabu ile protoni moja tu.

Witiri kwa witiri ndo pagumu zaidi. Potasiamu-40: protoni d3/2, nyutroni f7/2, pariti hasi (chanya ya d mara hasi ya f), spini yoyote kuanzia 2 (7/2 toa 3/2) mpaka 5 (7/2 jumlisha 3/2). Maabara wamepima 4-, ila hesabu yako haifiki huko, kwa hiyo mtihani ukikuuliza modeli inatabiri nini andika zote nne, usibahatishe moja.