Kabla Hujaigusa Bisibisi: Kwa Anayeanza Kuokoa Data

Wanaoingia kwenye kazi hii karibu wote huja na hamu ya kufungua kifuniko cha diski ngumu (hard disk). Nawaelewa, sahani za ndani zinang'aa kama kioo na zinavutia. Lakini kazi nyingi huharibika kabla ya kufika huko. Diski iliyoumia imebakiza uhai usioujua kipimo chake, na kila ukiiwasha unaupunguza. Kwa hiyo anza kwa kuuliza. Ilianguka ikiwa inazunguka au imezimwa? Ilitoa mlio gani? Ilichomekwa adapta isiyo yake? Nani ameshaihangaikia kabla yako? Na mteja anataka nini hasa, maana "kila kitu" si jibu. Ukimbana kidogo utagundua anatafuta picha za harusi au mahesabu ya mwaka mmoja, na hilo litabadilisha mpango wako wote.

Diski ikiwa kimya kabisa, usihangaike na vichwa vya kusomea. Angalia bodi ya umeme iliyo nje ya diski. Zile kubwa za inchi 3.5 hupokea volti 5 na volti 12, na kwa kawaida kila njia ina diodi ya ulinzi. Mtu akichomeka adapta ya laptopu yenye volti 19, diodi hujitoa mhanga kwa kupiga shoti, na diski haizunguki tena. Ipime diodi kwa mita. Ikionyesha shoti, ing'oe, halafu hakikisha umeme unaotaka kuupeleka ni sahihi, kwa sababu sasa hakuna kinga. Mara nyingine kazi huishia hapo. Bodi ikiwa imeungua kweli, usichukue bodi ya diski nyingine na kuifunga tu. Kwenye bodi nyingi kuna chipu ndogo ya miguu minane iliyohifadhi vipimo vya diski hiyo peke yake, na lazima uihamishie kwenye bodi mpya.

Ikinguruma bila kuzunguka, huenda vichwa vimenata kwenye sahani au mota imekwama. Ikigonga tik, tik, tik kisha ikazima, mara nyingi vichwa vimeshindwa kusoma alama zinazoviongoza, ingawa programu ya ndani ya diski ikiharibika nayo inaweza kuleta dalili kama hiyo. Ikikwaruza, zima papo hapo. Usisubiri kusikiliza vizuri.

Vichwa hupaa nanomita chache tu juu ya sahani. Chembe ya moshi ni kubwa kuliko nafasi hiyo, ndiyo maana tunafungulia kwenye kabati la hewa iliyochujwa na si mezani. Ukishafungua, usikimbilie kubadilisha vichwa. Inamisha taa ili mwanga upite ubavuni mwa sahani, uzungushe polepole, utafute duara lililokwaruzika au unga mweusi. Kwenye diski ndogo zenye sahani za kioo, utando ukikwanguliwa wote unaweza kuona upande wa pili. Ukikuta hivyo, vichwa vipya vitakufa palepale vilipofia vya zamani, na upande huo wa sahani hauna tena cha kusomwa pale palipokwanguliwa. Mwambie mteja ukweli kabla hujaiharibu diski nzuri ya spea, ile unayotolea vichwa.

Spea yenyewe isifanane kwa jina tu. Tafuta modeli ileile, toleo la programu ya ndani linaloendana, idadi ileile ya vichwa. Tunavihamisha kwa kitana maalumu kinachovitenganisha, kwa sababu viwili vikigusana tu, spea imekwenda.

Sasa ndiyo kazi yenyewe inaanza. Usiichomeke diski hiyo kwenye kompyuta ya kawaida, maana mfumo utaanza kuihoji, kurudiarudia sekta mbovu (sekta ni vipande vidogo ambamo data huandikwa), hata kujaribu kuirekebisha. Tumia kifaa maalumu cha kusomea diski mbovu, kama PC-3000 au DeepSpar, utoe nakala ya sekta kwa sekta kwenda diski nyingine isiyo na hitilafu. Programu ya kunakili iitwayo ddrescue inafaa pale ugonjwa ni mdogo. Soma kwanza jedwali la faili, ujue anachotaka mteja kimelala wapi. Kisha chukua vilivyo rahisi: muda mfupi wa kusubiri, sehemu ngumu iruke. Kichwa kinachosuasua kiache cha mwisho.

Mahali data ilipolala panaweza kuokoa diski iliyoonekana maiti. Chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika mwaka 2003, na diski moja ikapatikana kwenye mabaki, mpira wa kuziba umeyeyuka na vumbi limeingia. Wataalamu wa kampuni ya kuokoa data ya Kroll Ontrack walitoa takriban asilimia 99 ya data. Mfumo wake wa DOS, mfumo endeshi wa zamani, haukuwa umetawanya data, na sehemu zilizoumia zilikuwa tupu.

Diski iliyoingia maji usiikaushe, kwa sababu uchafu utagandia kwenye sahani. Ifunge ikiwa na unyevu wake. Na habari ya kuiweka diski kwenye friza iacheni, inaleta umande ndani.

Ukimaliza, usihesabu faili ukafurahi. Fungua. Picha inaweza kuwa na jina sahihi na ukubwa sahihi, kumbe nusu yake ni sifuri tupu za sekta ulizoziruka. Faili za namna hiyo zitenge kwenye folda yake, umwonyeshe mteja kabla hajalipa.