Barua kwa mwanangu: Cranberries, waanze na wimbo wa kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku wazima. Mama yako anakusalimu, anauliza kama ule mfuko wa dagaa ulifika.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Ulisema: "Baba, Zombie naijua, Linger naijua. Sasa albamu nzima ya kwanza ya bendi ya Cranberries, ya mwaka 1993, niisikilize ya nini? Ina nini ambacho hizo mbili hazina?" Nilianza kukujibu kwa simu, nikaona nitalipua. Jambo hili nalipenda, sitaki kulijibu nusunusu.

Kwanza Zombie itoe kabisa, hiyo haimo. Zombie ni ya albamu ya pili, ya mwaka 1994, na ilitokana na bomu lililolipuka mjini Warrington, Uingereza, Machi 1993, likaua watoto wawili. Ni wimbo wa hasira, na hasira yake ni ya haki. Lakini anayemjua mwimbaji wao, Dolores O'Riordan, kwa Zombie peke yake ni kama aliyekutana naye msibani, akamkuta analia kwa sauti kubwa, hajui siku za kawaida anaongeaje. Kwenye albamu ya kwanza utamsikia anavyoongea.

Mimi nilikutana nayo kazini. Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa na duka la kurekodi kanda, Ngamiani, Tanga. Mwaka 1995 baharia mmoja aliniletea kanda halisi, ya kununuliwa dukani ughaibuni, akataka nimtolee kopi mbili. Kawaida dabo deki, ile redio ya kanda mbili, tuliiweka mwendo wa kasi, nyimbo zinalia kama panya, baada ya dakika chache unageuza upande. Siku hiyo kitufe cha kasi kilikuwa kimekufa. Ikabidi kanda iende kwa mwendo wake, nami nikae kwenye kigoda niisubiri.

Wimbo wa kwanza unaitwa I Still Do. Hauanzi kwa kishindo. Gitaa liko mbali, lina mwangwi, halafu sauti ya msichana inakuja chini chini, karibu na sikio. Anasema alidhani yuko tayari, kumbe bado. Hataki kumpenda huyo mtu, na bado anampenda. Maneno yenyewe ni machache na yanarudi rudi. Hebu fikiria: vijana wanatoa albamu yao ya kwanza duniani, na mlango wanaufungua kwa mtu anayejisemesha peke yake. Wengine wangetanguliza ule wimbo wenye nguvu kuliko yote. Wao wameuweka wa pili, Dreams, na unapoingia baada ya ile minong'ono ni kama mtu amefungua madirisha yote ya nyumba. Ukiusikia Dreams peke yake kwenye simu, katikati ya nyimbo za watu wengine, mlipuko huo huupati. Hilo ni jibu langu la kwanza kwako: nyimbo hizi zimepangwa, na wimbo mmoja unauandalia mwingine njia.

Sasa nikueleze ni akina nani. Walitoka Limerick, mji wa magharibi ya Ireland. Ndugu wawili, Noel Hogan wa gitaa na Mike Hogan wa besi, na rafiki yao Fergal Lawler wa dramu. Walikuwa na mwimbaji mwingine, akaondoka. Mwaka 1990 ndipo akaja Dolores, binti wa kijijini aliyekuwa anaimba na kupiga kinanda kanisani, akiwa na kinanda chake mkononi. Akawaimbia. Noel akampa kanda yenye mpigo wa gitaa usio na maneno, aende nayo nyumbani. Baada ya kama wiki moja akarudi nayo imekuwa Linger. Alikuwa na miaka 18 au 19.

Njia haikunyooka. Rekodi fupi waliyoitoa mwaka 1991 ilipondwa na waandishi. Albamu walianza kuirekodi Limerick chini ya meneja wao wa kwanza, mambo yakaharibika, wakaachana naye na kazi wakaiacha. Wakaanza upya Dublin na prodyuza Mwingereza, Stephen Street, ambaye alikuwa amefanya kazi na bendi ya The Smiths. Noel alikua akiwapenda hao Smiths, kwa hiyo alipata fundi anayejua anachokitafuta. Ilipotoka, Machi 1993, Mike alikuwa hajatimiza miaka 20, na wenzake watatu walikuwa na kama 21. Wakaipa jina refu, Everybody Else Is Doing It, So Why Can't We? Yaani wengine wote wanafanya, kwa nini sisi tusiweze? Nililipenda hilo jina kabla sijamaliza upande wa kwanza. Ni swali la watoto wa mji mdogo.

Linger nataka uisikilize upya, na ujue ilikotoka. Dolores mwenyewe alisimulia. Alikwenda disko, kijana mmoja akamwomba wacheze, akampa busu lake la kwanza la kweli. Wiki nzima anasubiri kumwona tena. Disko iliyofuata yule kijana akampita kama hamjui, akaenda kumwomba rafiki yake wacheze. Watu wote wanaona. Basi. Hakuna kifo wala vita, ni msichana amesimama pembeni ya ukumbi, uso unamwaka moto.

Sikiliza anavyoliimba hilo. Hamtukani yule kijana. Vinanda vya nyuzi vinaingia polepole nyuma yake, gitaa linakwenda tu kama mtu anayetikisa mguu kwa mawazo, naye anakiri kwamba ni yeye aliyekuwa mjinga, na kwamba bado hajaweza kumtoa moyoni. Mwimbaji mzoefu angejificha kidogo pale, angetupia fumbo, angejifanya ameshapoa. Yeye hajajifunza kujificha. Mwanzoni alikuwa na haya kiasi kwamba jukwaani aliwapa watu mgongo akiimba. Haya hiyo unaisikia kwenye albamu hii, na unasikia pia namna anavyoishinda, mstari kwa mstari. Kwenye albamu za baadaye ni mwimbaji mkubwa anayejua ni mkubwa. Nazipenda hizo pia. Ila hii ya kwanza imemkamata katikati ya kuvuka, na mtu huvuka hapo mara moja tu.

Halafu lafudhi. Mimi nilisoma shule ambayo Kiingereza chetu kilichekwa darasani, mwalimu akitulazimisha kukaza midomo tuongee kama watangazaji wa London. Nilipomsikia huyu dada anaimba Kiingereza cha kwao Limerick, hakilainishi, maneno anayakunja anavyoyakunja mama yake, niliacha kufuta hedi za redio nikakaa chini. Na pale mwisho wa Dreams maneno yanakwisha kabisa. Sauti inabaki, inavunjika kutoka kifuani kwenda kichwani na kurudi, kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Huo mvunjiko wa sauti alifundishwa na baba yake. Ukivaa vizuri vipokea sauti vya masikioni utasikia na sauti ya kiume inaitikia pale mwishoni. Ni ya mchumba wake wa wakati ule.

Kuna kitu kingine utakipenda wewe uliyelelewa na muziki wa dansi. Noel hapigi gitaa la kujionyesha. Hakuna mahali kwenye albamu nzima anaposimama mbele, wenzake wanamngoja akimbize vidole kwenye solo. Anachokifanya ni kuchambua nyuzi, moja baada ya nyingine, pattern ileile ikizunguka, na sauti inakaa juu yake. Babu yako, ambaye alikuwa hajui neno la Kiingereza zaidi ya "good morning", aliwahi kunikuta naisikiliza akasema, "Huyu wa gitaa ana adabu." Sijasikia mhakiki aliyesema vizuri zaidi.

Si kwamba nyimbo zote 12 ni sawa. Wanted ni dakika mbili na sekunde chache, unapita. How ina kelele ambayo haikuiva, naiona kama jaribio la kile walichokuja kukiweza kwenye Zombie. Huwa sizirushi hata hivyo, maana albamu yote haifiki hata saa moja. Sunday ndiyo inayosahauliwa na watu, na mimi naiweka juu kabisa: inaanza taratibu, unadhani umeshaielewa, kisha inabadilisha mwendo ghafla na inakwenda mbio hadi mwisho. Not Sorry nayo ni ya kusikiliza usiku. Humo anajikaza, anasema hajutii, na sauti inamsaliti.

Jambo la kushangaza ni kwamba ilipotoka, watu wengi hawakuigeukia. Uingereza ilipita kimyakimya. Wakaenda Marekani mwaka huohuo kuwafungulia jukwaa bendi ya Suede, ambayo ndiyo iliyokuwa inavuma, na kumbe MTV, televisheni ya muziki, wameanza kuirusha Linger. Watu wakawa wanakuja kwa ajili ya wale waliotangulia jukwaani. Linger ikafika nafasi ya 8 kwenye chati ya Marekani mwanzoni mwa mwaka 1994, habari zikarudi kwao, na Juni 1994 albamu ikashika namba moja Uingereza, zaidi ya mwaka mmoja tangu itoke. Mwaka huohuo mwimbaji Faye Wong, aliyekuwa akivuma Hong Kong, akaiimba Dreams kwa Kikantoni. Albamu hiyo ndiyo mwaka uliofuata ikafika mkononi mwangu Ngamiani, kwa baharia. Hakuna aliyetangaza kwetu. Ilikuja kwa kupitishwa mkono kwa mkono, na mimi nilikuwa mmoja wa hiyo mikono. Baharia nilimpa kopi zake mbili, na ya tatu nikajitolea mwenyewe.

Dolores alifariki London tarehe 15 Januari 2018, akiwa na miaka 46. Unakumbuka siku ile ulipiga simu nikakuambia nina mafua. Nilikuwa nimeitoa ile kanda kwenye kabati, natafuta redio ya kuichezea.

Kwa hiyo mwanangu, usiisikilize ukiwa jikoni wala ndani ya daladala. Tafuta usiku mmoja, simu uizime mtandao baada ya kupakua, usiziruhusu nyimbo zijipange zenyewe. Anza na ya kwanza, twende mpaka ya kumi na mbili. Kwenye kanda yangu nyimbo sita ziko upande huu na sita upande ule, kwa hiyo Linger ndiyo inayofungua upande wa pili. Ukifika hapo pumzika kidogo, kunywa maji, kama vile unageuza kanda. Linger inapendeza zaidi ikitanguliwa na kimya.

Na nina ombi. Mwaka 1998 redio iliila ile kanda yangu. Wewe ulikuwa mchanga, ndiyo kwanza unaanza kukaa. Nilivuta utepe kwa kalamu taratibu, ila kipande kimoja kilikuwa kimesagika, nikakikata kwa wembe na kuunga kwa selotepu. Kilikuwa katikati ya Not Sorry. Tangu hapo, kila nikiusikia wimbo huo, hata kwenye simu ambako ni mzima, masikio yangu yanaruka palepale, hayajui kukaa. Ukifika kwenye Not Sorry sikiliza katikati kwa makini, halafu Jumapili nikikupigia uniambie anaimba nini pale.

Baba yako