Mteja wa diklofenaki na dawa ambayo hakuitaja

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye maduka ya dawa hapa Dar, mteja anayetumia dawa ya sonona mara nyingi hatakwambia. Anafika kaunta Manzese au Mbagala jioni, katoka kazini, nyuma yake kuna foleni, anaomba diklofenaki ya mgongo. Ukimuuliza "kuna dawa nyingine unatumia?" atasema hakuna. Wala hakusudii kukudanganya. Dawa anayochukua kliniki Muhimbili au Mwananyamala haoni inahusiana vipi na mgongo, na hata angeona, asingeitaja mbele za watu.

Basi badilisha swali. Mimi humsogelea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Kuna dawa unameza kila siku, ya presha, sukari, usingizi au mawazo?" Mawazo yakikaa pamoja na presha na sukari, mtu anajibu bila aibu. Jina la dawa wengi hawalikumbuki, kwa hiyo mwombe pakiti, cheti cha daktari, au ampigie aliye nyumbani amsomee. Usimuulize kama ana ugonjwa wa akili. Ukiuliza hivyo umempoteza, na kesho atanunua kwingine ambako hawaulizi chochote.

Kwa nini nasisitiza hivi? Dawa za sonona kama fluoksetini, sertralini, sitalopramu na ndugu zake huzuia seli kurudisha ndani serotonini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kati ya seli. Sasa, chembe za damu zinazoziba jeraha hazitengenezi serotonini yake zenyewe, huichota kwenye damu kwa mlango uleule ambao dawa imeufunga. Zikiikosa, zinashikana kwa unyonge. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini nazo zinadhoofisha ule ute unaolinda tumbo, na hudhoofisha chembe hizohizo kwa njia nyingine. Tumbo limebaki bila kinga na damu haigandi upesi: hatari ya kutoka damu tumboni inakuwa kubwa kuliko ya dawa moja ikitumika peke yake. Kijana mzima akimeza vidonge viwili vya ibuprofeni, uwezekano wa kudhurika ni mdogo, tusimtishe. Wasiwasi wangu mkubwa ni kwa mzee, mwenye historia ya vidonda vya tumbo, anayetumia wafarini (ya kuzuia damu kuganda) au predinisoloni (dawa ya jamii ya steroidi), na yule anayenunua diklofenaki kila wiki.

Mpe parasetamoli. Mtu mzima mwenye ini zima: miligramu 500 hadi 1,000 kwa mara moja, apishe angalau saa nne, asizidi gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Hakikisha hamezi pia dawa ya mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani na mteja hajui. Vilevile vipo vidonge vya maumivu vinavyochanganya parasetamoli na aspirini au diklofenaki, kwa hiyo geuza pakiti usome kilichomo, usiamini jina la mbele. Kwa goti au mgongo, jeli ya kupaka ya diklofenaki huingia kidogo sana kwenye damu, ni salama zaidi kuliko kidonge. Asiyepata nafuu aende kwa daktari, ambaye anaweza kumwandikia ya kumeza pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Hapo napo kuna mtego: omeprazoli hupandisha kiwango cha sitalopramu na esitalopramu mwilini, kwa hiyo usiongeze omeprazoli kwa hisani yako.

Kuna jambo la jiji letu. Dar imepigwa na mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, na homa yake huja na maumivu makali ya viungo, yale yanayomfanya mtu akimbilie diklofenaki. Dengue yenyewe hupunguza chembe za kugandisha damu. Mtu ana dengue, anatumia fluoksetini, halafu wewe unamuongezea diklofenaki! Msimu wa mvua, mwenye homa mpe parasetamoli na umtume akapime malaria na dengue.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu, usiiguse bila cheti, na hata kikiwepo, ukiona mteja anatumia dawa ya sonona mpigie daktari kwanza. Zikikutana, serotonini inaweza kuzidi: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kuhara, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa. Kifafa pia. Dekstromethofani iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi ina hatari ya namna hiyo. Fluoksetini hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kuachwa, kwa hiyo uliza na aliyeacha mwezi uliopita.

Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ni habari tofauti kidogo. Wengine wamepewa kwa maumivu ya neva, usidhani wote wana sonona. Shida yake kubwa kaunta ni usingizi, ukichanganya na klorofenamini ya dawa za mafua au pombe. Dereva wa bodaboda mwambie waziwazi.

Chochote utakachomwambia, malizia kwa kumsisitiza asiache dawa ya hospitali ili ameze ya maumivu. Kuiacha ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na sonona kurudi. Na mwambie akiona choo cheusi kama lami, akitapika damu, au akianza kutetemeka na kuchanganyikiwa, aende hospitali usiku huohuo na pakiti zote mkononi.