Uliza Anko wa Gemu: hizi za alama sitini na kitu tununue au tuache?

Safari hii maswali mengi yamefanana. Watu wamenunua PS4 za mtumba, hela yote imeishia kwenye mashine, sasa gemu kali bei hawaiwezi, wanabaki wanazitazama zile ambazo muuzaji amezipanga nyuma kabisa, zile ambazo wahakiki walisema ni za kawaida tu. Haya twende.

Anko mambo vipi. Nipo Nyegezi, nimebaki na elfu arobaini na padi moja. Jamaa mjini ana Mad Max na Days Gone, anataka thelathini na tano kila moja. Nimecheki mtandaoni Days Gone ina 71, Mad Max 69. Mbona ndogo hivyo? Nibebe ipi?

Poa dogo. Tuanze na hizo alama maana zinawachanganya wengi. Metacritic wanakusanya alama za wahakiki wanapiga wastani kwa mia, basi, hakuna uchawi. Sasa mhakiki anapewa gemu anatakiwa aimalize fasta aandike, halafu umpe Mad Max ambayo kazi yake ni kuzunguka jangwani unaokota vyuma chakavu, unavamia kambi, unaangusha mnara, kambi nyingine, mnara mwingine, yaani akifika siku ya tatu ameshachoka na maisha. Wewe utacheza saa moja usiku ukitoka kwenye mihangaiko, au siku ambayo umeme upo, kwa hiyo hiyo kambi ya kesho haitakuboa kivile.

Na ile gemu ina gari bwana! Linaitwa Magnum Opus, fundi wako Chumbucket yuko hapo hapo nyuma anakutengenezea, na kuna chusa limefungwa kamba, unalenga mlango wa gari la adui unaunyofoa, dereva anabaki wazi, unarusha tena unamtoa na yeye. Hiyo sijaiona sehemu nyingine ikifanywa vizuri vile. Bahati mbaya yake ilitoka Septemba 1, 2015, siku ile ile na gemu kubwa ya Metal Gear Solid V, nani angeitazama?

Days Gone ya 2019 nayo masaa ya mwanzo inaboa, siwezi kukudanganya. Pikipiki tenki dogo, kila saa unashuka kutafuta wese, na Deacon, yule unayemchezea, anaongea peke yake kupita kiasi. Ila vumilia mpaka uanze kukutana na yale makundi ya Freakers, yaani mazombi wa humo, mamia wanakukimbiza kwa mpigo na wewe una chupa mbili za moto na mtego mmoja, unapita kwenye vijia vyembamba ili wabanane, hapo ndo utaelewa kwa nini watu wanaitetea mpaka leo. Tatizo ni moja, ilitoka na makosa kibao ikaja kunyooshwa na apdeti, na apdeti ni GB za kutosha, na bando unalijua wewe mwenyewe lilivyo. Kwa hiyo kama huna waifai ya kuazima chukua Mad Max, ambayo kwenye PS4 ilikuwa inatembea fresh toka mwanzo. Ukiwa na waifai chukua Days Gone.

Mimi gemu ya katikati naipima kwa swali moja tu, kuna kitu inakifanya vizuri kuliko wenzake? Kikiwepo hata kimoja, mengine nasamehe. Isipokuwa nacho, hata uipe 75, ni ya kupotezea muda. Na usidhani namba hizi ni utani kwa wanaozitengeneza, Fallout: New Vegas ya 2010 ilipata 84 na bonasi ya Obsidian, walioitengeneza, ilikuwa inaanzia 85, wakaikosa kwa alama moja. Leo waulize wapenzi wa Fallout kali ni ipi, wengi watakutajia hiyo hiyo.

Kaka, nimenunua CD ya The Crew kwa jamaa mmoja pale Makoroboi, akaniambia humo kuna Marekani nzima unaendesha. Nimefika home Buzuruga naiweka, inalodi halafu inagoma kuunganisha. Intaneti ninayo. PS yangu imekufa?

PS yako nzima, iliyokufa ni gemu. Ubisoft, wenye gemu, walizima seva zake Machi 31, 2024 na ile ilikuwa lazima iunganishwe hata kama unacheza mwenyewe, kwa hiyo CD unayo ila ndani hamna kitu tena. Ndo chanzo cha kampeni ya Stop Killing Games, ya kupinga gemu zilizouzwa kuzimwa, ambayo Ross Scott wa YouTube aliianzisha mwaka huo huo. Inauma kwa sababu ilikuwa gemu ya kawaida, stori ya hovyo kabisa, lakini kutoka New York mpaka Los Angeles barabarani bila kulodi katikati, hicho ndo kilikuwa kitu chake, na kimeenda nacho.

Rudi kwa jamaa kwa upole mbadilishane, inawezekana hata yeye hakujua. Na siku nyingine kabla hujatoa hela mwambie azime intaneti aiweke mbele yako icheze. Ukikutana na Need for Speed ya 2015 kuwa makini vile vile, ile nayo haichezi bila intaneti.

Mkuu habari za kazi. Nina kibanda Igoma, PS3 mbili, FIFA 19 kutwa nzima. Wana wanataka ngumi. Nilikuwa na gemu ya ngumi yenye damu nyingi, wazazi wakaja juu. Nifanyeje?

Kwanza FIFA 19 itunze, ndo ya mwisho kutoka kwenye PS3, hamna nyingine inakuja. Kwenye ngumi mimi nakupeleka kwenye gemu ambayo mashabiki waliikunjia uso, Mortal Kombat vs. DC Universe ya 2008. Waliikunjia kwa sababu damu ilipunguzwa, Batman na Superman hawaui kabisa, wanamaliza mtu kwa kipigo cha heshima basi. Mtu aliyezoea Mortal Kombat ya kuchinjana akaona kaibiwa. Kwa kibanda chako hiyo kasoro ndo dili, mama akipita na ndoo anamkuta mwanae ni Batman anapigana na Scorpion, anapita zake.

Halafu nikuambie, alama za mtandaoni kwenye kibanda hazina kazi. Kibanda kinataka padi mbili, raundi fupi, na dogo mpya ajue kubonyeza ndani ya dakika moja. Gemu nzuri kabisa ya stori inaweza kukufilisi, mmoja anacheza watano wanaangalia bure, halafu wa mchana anasevu juu ya sevu ya wa asubuhi, ugomvi unaanza hapo hapo na unaamua wewe.

Mwanangu hujambo. Mimi mama wa watoto wawili, Bwiru, mmoja ana miaka saba mwingine kumi na moja. Baba yao kaleta gemu inaitwa Knack, mjomba wao anasema ni mbaya. Niwaache wacheze?

Shikamoo mama. Waache tu wacheze. Mjomba hajakosea sana, wahakiki waliipa 54 ilipotoka na PS4 mwaka 2013, tena aliyeiongoza ni Mark Cerny ambaye ndiye msanifu mkuu wa hiyo mashine yenyewe, watu wakategemea makubwa. Wanapita njia moja, wanapiga, wanapita, wanapiga. Ila wanacheza wawili pamoja na mdogo anaweza kumpa mkubwa vipande vya mwili wake akizidiwa. Muhimu waiweke kwenye rahisi, maana ina katuni za kitoto lakini adui akikugusa mara mbili tatu umekwisha, wasije wakavunja padi kwa hasira.

Oya anko, Kirumba hapa. Mi nacheza Driv3r kwenye PS2 ya bro, wanangu wananicheka eti takataka. Kwani ina ubaya gani?

Ubaya wake ni kushuka kwenye gari. Ukiwa ndani ya gari Miami, Nice au Istanbul, ni tamu mpaka leo, linalala kwenye kona vizuri na ukimaliza unaweza kukaa ukapanga kamera ukaitengenezea mbio yako filamu. Ukishuka, Tanner, yule unayemchezea, anakimbia kama kafungwa miguu na bunduki inalenga inakotaka yenyewe.

Kingine watengenezaji walijitafutia wenyewe. Walificha humo watu wanaitwa Timmy Vermicelli, wamevaa maboya mikononi, wanamkejeli Tommy Vercetti wa GTA Vice City kwa vile alikuwa hajui kuogelea. Hiyo Juni 2004. Oktoba ya mwaka huo huo GTA San Andreas ikatoka, CJ, unayemchezea humo, anapiga mbizi, anaendesha baiskeli, ana ndege. Nani tena akakumbuka Driv3r? Wewe endesha tu, misheni ya miguu mpe anayekucheka.

The Order: 1886, elfu thelathini, ninunue?

Picha kali balaa, London ya zamani na watu-mbwamwitu, ila inaisha jioni mbili na hakuna cha kurudia wala cha kucheza wawili. Usinunue. Tafuta mwenye nayo akuazime Ijumaa, Jumapili unamrudishia.