Ushuru wa Kaboni Mpakani: Je, Tutalipa Mara Mbili?

SWALI: Nchi yetu hutegemea sana kuuza chuma na saruji nje. Sasa Umoja wa Ulaya unatoza ushuru wa kaboni mpakani, yaani malipo kwa hewa ukaa iliyotolewa katika kuzalisha bidhaa hizo. Serikali ikianzisha kodi yake ya kaboni, je, viwanda havitatozwa mara mbili?

JIBU: La, mradi kodi ya nyumbani iwe imelipwa kweli na kuthibitishwa. Utaratibu huo wa Ulaya, ulioanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2026, unahusu chuma, saruji, alumini, mbolea, hidrojeni na umeme. Anayenunua vyeti vya kaboni, yaani hati za kulipia hewa ukaa hiyo, ni mwagizaji aliyeko Ulaya, lakini yeye humgeukia muuzaji na kumtaka ashushe bei, hivyo mzigo humrudia mzalishaji. Kwa kuwa sheria inaruhusu kiasi kilicholipwa katika nchi ya uzalishaji kikatwe katika vyeti vinavyodaiwa, nchi isiyotoza chochote huiachia Ulaya fedha ambazo zingebaki katika hazina yake na kuvisaidia viwanda kubadili mitambo. Kodi iliyosamehewa au kurudishwa haihesabiwi.

Hata hivyo, serikali isikurupuke. Ushuru wa mpakani hugusa shehena ziendazo Ulaya tu, ilhali kodi ya ndani hugusa pia saruji inayojenga nyumba za wananchi. Kama mauzo ya Ulaya ni kidogo, hesabu yaweza kugeuka.

Lililo la haraka zaidi, kwa maoni yangu, ni vipimo. Tani moja ya chuma kinachoyeyushwa kutoka kwenye mawe ya madini kwa makaa hutoa takriban tani mbili za hewa ukaa, ilhali chuma chakavu kinachoyeyushwa kwa tanuri la umeme hutoa pungufu sana ya hapo. Lakini kiwanda kisipokuwa na takwimu zilizohakikiwa, mwagizaji hutumia makadirio yaliyowekwa na Ulaya, nayo huongezewa nyongeza ya makusudi, hata mzalishaji safi akabebeshwa moshi wa wengine. Inanisikitisha kwamba gharama ya uhakiki huwaelemea zaidi wazalishaji wadogo, na ni haki nchi zao kudai msaada wa kiufundi katika mazungumzo ya biashara.

Muda bado upo, kwa sababu tozo ya mwaka 2026 ni ndogo na itapanda hatua kwa hatua hadi kukamilika mwaka 2034. Kiwanda kianze sasa kupima na kuweka kumbukumbu za kila tani ya makaa, mafuta na mawe ya chokaa inayoingia tanurini.