Nasali Hapa Mwaka wa Pili, Mbona Sipigi Kura?

Swali: Bwana asifiwe. Nilitoka Nyeri kuja kufanya kazi bandarini Kilindini. Huu mwaka wa pili nasali PCEA (Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki) hapa Mombasa, natoa zaka, naimba kwaya. Wazee walipochaguliwa, niliambiwa sina kura. Mchungaji ananifahamu; hawezi kuniruhusu?
*Msomaji, Changamwe*

Jibu: Hawezi, na ni heri iwe hivyo. Orodha ya washiriki iko mikononi mwa baraza la wazee. Mchungaji huongoza kikao, lakini kumpokea mshiriki ni uamuzi wa kikao kizima. Yeye mwenyewe ushirika wake uko presbiteri, yaani baraza la juu linalosimamia makanisa kadhaa, na huko ndiko anakowajibika. Kwa hiyo zaka na kwaya, ingawa ni huduma njema, hazikuhamishi. Mpaka leo wewe ni mshiriki wa Nyeri.

Mwandikie karani wa baraza la kule. Taja majina yako kamili, mwaka uliobatizwa, mwaka wa kipaimara na kanisa unalohamia. Wazee watahakikisha hujatengwa na Meza ya Bwana, kisha watakupa cheti cha uhamisho. Kikifika, mkabidhi karani wa huku mkononi, si kiongozi wa kwaya, wala usimpe mchungaji mlangoni watu wakitoka ibadani. Halafu fuatilia: je, kimesomwa kikaoni? Jina limeingia kwenye kumbukumbu? Umepangiwa mzee gani?

Wengi hukwama hapo. Cheti hulala kabatini nyumbani, Nyeri wameshafuta jina, Mombasa halijaandikwa, na mtu anabaki hana kanisa kwenye karatasi. Hilo huumiza zaidi siku ya harusi au ya kubatiza mtoto. Angalia pia majina ya kadi ya ubatizo yalingane na ya kitambulisho. Yakitofautiana, waeleze mapema kwa maandishi. Kumbukumbu za kule zikiwa zimepotea, usikate tamaa: makanisa mengi ya Kipresbiteri humpokea mtu kwa kukiri imani upya mbele ya wazee.

Swali: Baba yangu ni mzee wa kanisa, anahamia kwetu Likoni. Ataingia barazani moja kwa moja?
*Binti, Likoni*

Jibu: La. Kuwekwa wakfu kwake kunabaki, harudii. Kiti ndicho kisichohama. Kwanza alete cheti chake kama mshiriki mwingine yeyote, kisha angoje waumini wa hapa wamchague na baraza limkubali. Kabla ya hapo asihesabiwe katika akidi (idadi ya wazee inayotakiwa ili kikao kiwe halali) wala asipige kura kikaoni, maana uamuzi uliopitishwa kwa kura yake unaweza kukatiwa rufaa presbiteri.